Mchoro wa Lubumbashi: niliagiza watatu, si mmoja

Mwaka wa 11 huu naendesha semi kutoka Dar kwenda Kongo. Kwenda napeleka salfa, kurudi napakia shaba. Anayeijua njia hii anajua kwamba Lubumbashi unaweza kulala siku nne au tano ukingoja mzigo, na ni katika kungoja huko nilikoagiza mchoro wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake wawili waliouawa pamoja naye, ambao sasa uko sebuleni kwangu. Madereva wenzangu waliouona wameniuliza nimeupata wapi, bei gani, na kama unafika Dar mzima. Nitawajibu wote hapa, ila niwie radhi nikichelewa kidogo kwenye kilichochorwa, maana bila hicho mchoro huu ni kitambaa na rangi tu.

Mchoraji ni mzee wa makamo ya baba yangu mdogo. Anafanyia kazi kibarazani, nyuma ya duka la spea. Jina lake silitaji kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Ukutani anatundika zile picha ambazo Lubumbashi imekuwa ikizichora tangu enzi za wazee wao: askari wa Koloni Beleji, yaani enzi za ukoloni wa Wabelgiji, akimchapa mfungwa kiboko huku Mzungu ameshika kiko, nguva wanayemwita mamba muntu, na Lumumba. Lumumba wako wengi: aliyesimama kwenye kipaza sauti, aliyefungwa kamba mikono nyuma, na aliye peke yake na miwani yake.

Nilimwamkia, akanikaribisha kwa Kiswahili chao kile kitamu.

"Papa, unapenda Lumumba? Huyu iko tayari. Dola makumi tatu."

Nikamwambia, "Mzee, mimi naomba wote watatu. Na Mpolo, na Okito."

Akaweka brashi chini, akanitazama. "Bantu banaombaka Lumumba tu. Bale babili, hakuna mutu mwenye kubauliza."

Sasa niseme kwa nini niliwataka. Nimezaliwa Dar, na kwetu Lumumba ni mtaa. Ukisema "nashuka Lumumba" kondakta anakuelewa, na ukisema "Lumumba wamesema" kila mtu anajua ni ofisi za chama pale. Jina hilo nimelitamka tangu utoto, lakini mtaa wa Okito sijawahi kuupita. Nilipoanza njia ya Kongo, utingo mmoja wa Likasi alinionyesha Shilatembo. Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi ni kama kilomita 50 hivi. Akaniambia hapo ndipo walipouawa, na mimi nikasema, "walipouawa? Si aliuawa?" Akanicheka kidogo, kisha akanihesabia kwa vidole. Tangu siku ile nikawa natafuta habari zao kila ninapolala njiani. Usiku wa mpakani Kasumbalesa ni mrefu, una nafasi ya kusoma.

Nilichokielewa ni hiki. Mei 1960 Wakongo walipiga kura. Chama cha Lumumba, MNC, kilipata viti 33 kati ya 137, vingi kuliko chama kingine chochote, akaunda serikali ya mseto na bunge likaipa imani yake. Uhuru ulikuwa Juni 30. Siku 11 baadaye Tshombe, mkuu wa jimbo la Katanga ambalo Lubumbashi imo, akatangaza jimbo hilo limejitenga, maafisa na askari wa Kibelgiji wakiwa nyuma yake, pamoja na fedha za kampuni ya migodi ya Union Minière. Septemba 5 Rais Kasavubu akatangaza kumfukuza Lumumba. Bunge likakataa: wawakilishi kura 60 kwa 19, maseneta kura 41 kwa 2. Hapa ndipo Okito anapoingia, kwa kuwa Joseph Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti hiyohiyo. Maurice Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo. Kwa hiyo unaponiambia serikali iliyochaguliwa iliangushwa, mimi sioni mtu mmoja mwenye miwani. Naona baraza la mawaziri, naona Seneti na watu waliopiga kura zile 41, na wananchi waliopanga foleni kuwachagua.

Septemba 14 Mobutu, mkuu wa jeshi, akachukua madaraka. Nje ya Kongo mambo yalikuwa yanapikwa. Shirika la ujasusi la Marekani lilimtuma mkemia wake, Sidney Gottlieb, mpaka Léopoldville (Kinshasa ya leo) na sumu ya kumuulia Lumumba. Jambo hili lilikuja kuwekwa wazi na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe mwaka 1975. Sumu haikutumika. Huko Brussels, waziri wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, aliandika Oktoba 6 kwamba lengo kuu ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Mwezi Januari 1961, Lumumba na wenzake wakiwa wameshafungwa, waziri huyohuyo ndiye aliyesisitiza wapelekwe Katanga, kwa maadui zao.

Tuje kwenye mchoro. Niliomba uwanja wa ndege wa Luano, hapo Lubumbashi, alasiri ya Januari 17, 1961. Mzee hakuhitaji kuelekezwa. Aliweka ndege upande wa kushoto, ile DC-4 iliyowatoa pwani Moanda, na watu watatu wanashushwa wamefungwa pamoja. Mashati yamechanika kwa sababu humo angani walipigwa njia nzima. Askari wa Katanga wamewazunguka, na Wabelgiji wako kati yao. Kule mbali kabisa, ukutani mwa jengo, amechora vijitu vidogo vyenye kofia za buluu, mikono imeshuka. Nikamuuliza hao ni nani. "Njo ba ONU," akasema. "Balikuwa pale. Baliona." Na ni kweli, askari wa Uswidi wa Umoja wa Mataifa walikuwapo uwanjani na waliona wafungwa wakishushwa. Hivyo vijitu havizidi urefu wa kiberiti kimoja, lakini ndipo jicho la kila mgeni wangu linapoishia.

Kasoro ya kwanza niliiona siku ya pili nilipokwenda kukagua. Watu wote watatu walikuwa na uso mmoja. Alichukua Lumumba akamchora mara tatu, wawili akawavua miwani. Nilivunjika moyo, sitaficha. Okito alizaliwa 1910, alikuwa na miaka 50, mtu mzima kati ya vijana. Mpolo alikuwa na 32, Lumumba 35. Ukiwapa wote uso mmoja unakuwa umewafuta mara ya pili, na mimi nilikuja kulipia wasifutwe.

Nilimweleza kwa adabu, maana ni mkubwa wangu. Hakukasirika. Alisema ukweli wake: uso wa Lumumba mkono wake unaujua hata gizani, ila hawa wawili hajawahi kuwachora tangu aanze kazi. Tukatafuta picha zao kwenye simu yangu, nikaipanua picha ya Okito, akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akachukua rangi ya kahawia na nyeusi, akafuta uso ule kwa kitambaa chenye petroli na kuanza upya. Nilikaa pembeni yake juu ya kreti la soda kwa saa mbili nzima. Alimpa Okito mashavu ya mtu wa makamo na mistari miwili kando ya mdomo. Halafu akafanya jambo ambalo sikumwagiza: akamgeuza Okito kidogo, akawa anamtazama Mpolo, kama mzazi anayeangalia mtoto asijikwae kwenye ngazi.

Wakati anachora alinisimulia yake. Familia yake ni ya kabila la Baluba. Mwaka 1961 baba na mama yake walikimbilia kambi ya Wabaluba hapo mjini, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, watu makumi ya maelfu ndani ya vibanda vya turubai na mifuko, kwa hofu ya jeshi la polisi la Tshombe. Dada yake mkubwa alifia humo kwa kuhara. Hakuna aliyeandika jina lake popote. "Miye njo ninamuandika," akasema, akanionyesha kona ya chini ya kila mchoro wake, penye ua dogo jekundu la petali tano. Wanunuzi wengi hudhani ni urembo. Ukinunua kwake, tafuta lile ua.

Mauaji ya usiku ule sikutaka yachorwe, lakini niyaseme. Walipelekwa kwanza kwenye nyumba moja nje kidogo ya mji, wakapigwa tena, na mawaziri wa Katanga wakafika kuwatazama. Usiku huohuo kabla ya saa nne wakapelekwa porini, Tshombe akiwepo na maafisa wa Kibelgiji wakiwepo. Wa kwanza kupigwa risasi alikuwa Okito. Akafuata Mpolo. Lumumba akawa wa mwisho. Baada ya siku chache miili ikafukuliwa, na afisa wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, akishirikiana na ndugu yake, akaikatakata na kuiyeyusha kwa tindikali ya salfa, ileile inayotumika migodini. Februari 13 Katanga ikatangaza redioni kwamba wametoroka na kuuawa na wanakijiji.

Mimi napeleka salfa. Magunia ninayoyatoa bandarini Dar yanakwenda kuwa tindikali ya kusafishia shaba huko Kolwezi na Likasi. Nimepita Shilatembo nikiwa na tani 30 za salfa nyuma yangu, na tangu nisome habari hii sijaweza kupita pale redio ikiwa inaimba.

Soete alijiwekea jino la Lumumba. Lilirudishwa kwa familia Brussels Juni 20, 2022, likazungushwa Sankuru, Kisangani na huku Katanga, likazikwa Kinshasa Juni 30. Nchi nzima ilisimama, na ilistahili kusimama. Mpolo na Okito hawakurudi hata jino.

Kuhusu ubora wa kazi yenyewe: zamani walichora juu ya viroba vya unga vya pamba. Siku hizi viroba ni vya nailoni, rangi haishiki, kwa hiyo mzee anatumia merikani nzito aliyoipaka rangi nyeupe ya ukutani mara mbili. Ukubwa wa mchoro wangu ni kama sentimita 90 kwa 60. Rangi ni za mafuta za madukani, zinang'aa, na nyekundu yake haijapauka hata baada ya miezi minane ukutani. Maandishi ya chini ni ya mkono wake, meupe, herufi kubwa. Aliandika MPOLO sawasawa, lakini LUANO likatoka LUWANO. Nikamwambia aliache. Hivyo ndivyo watu wa hapo wanavyolitamka.

Bei: aliyekuwa tayari dola 30, wangu wa kuagiza dola 70 kwa sababu ya watu wengi, na hakuongeza hata senti kwa kurudia nyuso. Unaweza kulipa kwa faranga. Siku tatu anamaliza, ila rangi ya mafuta inataka siku nyingi zaidi kukauka, na hapo ndipo lilipo kosa langu na lake pamoja. Niliondoka siku ya nne, akaukunja ndani ya bomba la plastiki huku rangi ikiwa kwa ndani. Kufika Tunduma nilipoufungua, bawa la ndege lilikuwa limegandia mgongo wa kitambaa na kumenyeka kipande cha ukubwa wa kiganja. Ukiagiza, agiza siku ya kwanza unapofika mjini, na mwambie akunje rangi ikiwa kwa nje, na katikati aweke karatasi. Mpakani kuna mtu alitaka kuutoza kama mali ya kale. Omba risiti ya mkono yenye tarehe, mzee anaandika bila shida.

Fremu nilitengenezewa Buguruni, mbao ya mninga, shilingi 45,000.

Nampa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya bawa lile na kwa sababu nyuso zilihitaji kusimamiwa. Lakini mchoraji anayekubali kufuta na kuanza upya mbele ya mteja, na anayekwenda kuukazia macho uso asioujua mpaka aujue, sijakutana na wengi. Ukienda, usichukue kilichotundikwa tu. Taja majina. Akisikia majina anachora kwa mkono mwingine kabisa.

Nimeshaacha kianzio cha dola 20 kwa mchoro wa pili. Nimemwomba Jean-Pierre Finant, rais wa kwanza wa jimbo la Orientale, aliyepelekwa Bakwanga (Mbuji-Mayi ya leo) pamoja na wenzake wa MNC na kuuawa huko Februari 1961, wiki chache tu baada ya Shilatembo. Mzee amekubali. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia magari na mtu anagonga bati: "Papa, ule Finant, sina sura yake. Utafute picha, unitumie mbele ya kuchora. Na bale benzake, balikuwa bangapi? Unitumie na majina yabo." Napakia salfa Jumatano. Majina nayakusanya.