Kutoka Dodoma hadi Visiwani kwa Pesa ya Kawaida: Nini Ununue Kwanza, Nini Uache

Zanzibar ina bei mbili. Moja imepangwa kwa dola, kwa anayetoka Milano au London. Nyingine ni ya shilingi, kwa mwenye kitambulisho cha taifa. Ukiwa Dodoma ukafungua tovuti ya hoteli, ukaona bei ya usiku mmoja inakaribia mshahara wa mwezi, ujue umeonyeshwa ile ya kwanza. Piga simu hotelini moja kwa moja, uulize bei ya mkazi, na uulize pia kama tozo ya kila usiku imo ndani yake. Kuna hoteli ambazo hazitaji bei hiyo mpaka uulize.

Nimepanga chaguo hizi kwa kigezo kimoja tu: saa utakazokaa majini kwa pesa uliyotoa. Kitanda kizuri unakipata hata Area D, hapa hapa Dodoma. Bahari ndiyo hatuna.

Kufika

Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, imebadili hesabu nzima. Nauli ya daraja la kawaida hadi Dar es Salaam ilipangwa Sh31,000, na safari ni kama saa nne. Basi kutoka stendi ya Nanenane linakula siku: saa nane, na zaidi ukikuta malori yamejipanga njiani. Faida kubwa ya treni, hata hivyo, ni pale inapokushusha. Stesheni ya Dar iko katikati ya mji, na ukiwa na begi jepesi unatembea kwa miguu hadi bandari ya boti za Zanzibar. Basi linakuacha Mbezi Luis, na kutoka hapo kwenda Posta kuna safari nyingine yenye foleni na gharama zake. Kwa kuwa nauli ya basi la daraja la kati inakaribiana na ya treni ya kawaida, basi ni la siku ambayo tiketi za treni zimekwisha.

Boti za kasi, za Azam Marine na Zan Fast Ferries, zinavuka kwa takriban saa mbili. Mtanzania hulipa kwa shilingi, na nauli yake ni nafuu kuliko ya mgeni, lakini lazima uwe na kitambulisho. Nunua dirishani au mtandaoni. Wale vijana wanaokuwahi nje ya geti na tiketi mkononi wapite tu. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huchafua bahari. Kula kidogo kabla ya kupanda, na ukae chini, upande wa nyuma, ambako boti hairuki sana. Watu wa bara tunajifanya mashujaa dakika ishirini za kwanza, halafu mifuko ya kutapikia inaanza kugawiwa.

Ndege ya Dodoma hadi Dar ipo, Air Tanzania na Precision Air wanaruka, ila inunue pale tu likizo yako ni fupi kuliko pochi yako.

Nafasi ya kwanza: Jambiani, siku za maji mafu

Hapa watu wengi wa bara hupoteza pesa bila kujua. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Jambiani, Paje na Bwejuu, ina mchanga mweupe kama unga wa sembe, na nyumba za wageni za kijijini ambazo bei yake inazungumzika. Lakini maji yakipwa huondoka mbali mno, unabaki unatazama mwani na akina mama wanaoulima. Mwenye usiku mbili tu anaweza kutumia nusu ya likizo akisubiri bahari irudi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, tazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa Unguja kupwa huko huangukia karibu saa nne asubuhi, kisha bahari hujaa tena karibu saa kumi jioni. Kama wiki moja baada ya hapo ni maji mafu. Bahari haiendi mbali, na asubuhi ile ile ya saa nne unakuta imejaa. Kuchagua tarehe hakukugharimu hata senti, na kunakuongezea saa za kuogelea kuliko chumba chochote cha kutazama bahari.

Usiku wa kwanza lala mjini, kwa sababu boti ya alasiri ikishafika hutaki kutafuta daladala gizani. Mji Mkongwe wenyewe una gesti za bei ya kati, lakini ukivuka kwenda Ng'ambo, upande wa Michenzani, unalipa bei za wenyeji. Asubuhi panda daladala 309 ya Jambiani. Nauli ni shilingi elfu chache, wakati teksi kwa safari hiyo hiyo inaweza kumeza bajeti yako ya siku. Ulizia kwanza zinapopakilia, maana stendi za Unguja zimehamishwa mara kadhaa. Papasi wa Mji Mkongwe, wale vijana wanaowinda watalii, watakuambia daladala hakuna. Zipo.

Chakula agiza mapema kwa mama wa kijijini: wali wa nazi, pweza, samaki wa kupaka. Mgahawa ule maarufu wa juu ya mwamba kule Pingwe, bahari ikipwa unaufikia kwa miguu. Piga picha, kisha ukale kwingine. Na ukiingia kijijini, jifunge kanga au uvae shati. Vazi la kuogelea ni la ufukweni.

Kama hamu yako ni ule utajiri wenyewe, bwawa na vitanda vyenye miavuli, zipo hoteli kubwa zinazouza tiketi ya kushinda mchana mmoja, mara nyingi sehemu ya pesa ikirudi kwako kama chakula. Lala gesti, shinda hotelini siku moja. Picha haitasema ulilala wapi.

Ya pili: Nungwi na Kendwa

Tarehe zako zikiangukia bamvua na huwezi kuzibadili, nenda kaskazini. Huku maji hayakimbii, unaogelea karibu wakati wowote, na machweo ni ya bure. Bei ndiyo imeishusha nafasi: chakula cha ufukweni kimepangwa kwa wageni, na Kendwa mwezi ukiwa mpevu kuna muziki mpaka alfajiri. Chukua daladala 116, lala ndani ya kijiji cha Nungwi nyuma ya hoteli, na bahari ikipwa tembea ufukweni hadi Kendwa. Ukipita, tazama mafundi wakiunda majahazi.

Ya tatu: Mafia, kati ya Oktoba na Februari

Mafia ndiyo ningeiweka juu kama isingekuwa mbali. Kutoka Dar unakwenda Nyamisati, Kibiti, kisha kivuko cha MV Kilindoni, takriban saa nne majini. Ukitoka Dodoma, lazima ulale Dar njiani. Kinachokupeleka huko ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye unaogelea kando yake naye hana habari na wewe. Hoteli za kifahari ziko Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari, ambako kuna ada ya kuingia. Gesti za kawaida ziko Kilindoni mjini, nje ya hifadhi, na papa potwe huonekana upande huo huo wa Kilindoni. Mwenye pesa kidogo ndiye anayelala karibu. Gharama kubwa ni mashua, kwa hiyo nenda na watu wa kuchangia, au subiri wageni wengine gesti.

Ya nne: Mbudya

Kisiwa kidogo, kwa mwenye wikiendi moja na familia. Mashua inaondoka Kunduchi, Dar, ada ya Mtanzania ni ndogo, na unakula samaki wa kukaanga na chipsi huku miguu iko mchangani. Jumapili hujaa watu; nenda Jumamosi asubuhi.

Pemba sijaipa nafasi, kwa kuwa inahitaji muda kuliko pesa. Ukiwa na wiki mbili, uko ufukwe wa Vumawimbi, na huenda usikute mtu.

Ya mwisho: kifurushi cha wakala

Kwa mtu mmoja au wawili, mara nyingi unalipia simu ambazo ungepiga mwenyewe. Kwa kundi la ofisi la watu ishirini, hapo wakala anaweza kushusha bei. Mtake aandike jina la hoteli, aina ya chumba, na kama boti ni ya kasi.

Lini

Aprili na Mei ni masika. Baadhi ya hoteli hufunga, zilizobaki hushusha bei sana. Ni miezi hiyo hiyo ambayo Bunge la bajeti limejaza gesti za Dodoma, kwa hiyo mwenye chumba cha kupangisha hapa mjini anaweza kujilipia safari. Mvua haipigi kutwa kucha. Ramadhani pia ni nafuu, ila mchana usitegemee kula hadharani. Ukifuturu kwenye bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, utasahau njaa yote, ingawa urojo wa mitaani ni wa bei nafuu kuliko wa pale.

Kurudi, panda boti ya asubuhi ili uiwahi treni ya mchana bila presha. Na ikiwa ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, tiketi ya treni ya kurudi inunue kabla ya ile ya kwenda.