Nenda Jumatano, si Jumamosi: uzoefu wangu na bia inayopikwa papa hapa Unguja

Kiwanda chenyewe ni kidogo: chungu kimoja cha kupikia cha lita 500, matangi manne ya kuchachulia, chumba cha baridi, na baa yenye mabomba sita, pwani ya mashariki ya Unguja. Jina silitaji kwa sababu baadhi ya ninayoyaandika ni lawama. Nimehudhuria mara kadhaa matukio yao yote mawili, jioni ya kuonja ya Jumatano na usiku wa muziki wa Jumamosi. Bia ni ile ile, mpishi ni yule yule, lakini glasi unayopewa Jumatano na unayopewa Jumamosi saa nne usiku hazifanani hata kidogo. Tofauti inaletwa na baridi.

Bia nyingi za chupa hupashwa moto zikishaiva ili zikae miezi dukani. Hii haipashwi. Hamira bado imo ndani, hai. Ikikaa kwenye nyuzi 3 au 4 inadumu wiki kadhaa ikiwa nzima. Ikiachwa kwenye nyuzi 28, joto la kawaida la stoo huku, harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ndiyo ya kwanza kupotea, na baada ya hapo kila siku inaongeza kasoro yake. Ukilielewa hilo, utaelewa karibu kila kitu kuhusu pahala hapa.

Jumatano wanapokea watu 12 tu, na nafasi ishikwe siku mbili kabla. Nilipokwenda mara ya mwisho ilikuwa shilingi 35,000: kutembezwa kiwandani, vionjo vitano vya mililita 100 kila kimoja, na chakula kidogo. Ukijumlisha ni nusu lita, sawa na chupa moja ya kawaida, hivyo usione vidogo. Wanaanza saa kumi na moja jioni, na adhana ya magharibi ikisikika wanazima muziki mpaka watu watoke msikitini. Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa, hawaweki tukio lolote. Nawaheshimu kwa hilo.

Anayewatembeza wageni ni mpishi mwenyewe, naye huanzia kwenye magunia. Kimea ni shayiri iliyoloweshwa ikachipua kisha ikakaushwa, kazi ile ile inayofanyiwa ulezi wa togwa. Tabu yake huku ni unyevu. Utapewa punje utafune: nzima inapasuka kwa meno kama karanga ya kukaanga, iliyovuta unyevu inalegea kama biskuti iliyolala wazi. Kimea kilicholegea mashine hukikanda badala ya kukipasua, sukari haitoki yote, na bia inakuwa nyepesi kuliko ilivyokusudiwa. Ndiyo maana hapa gunia halifunguliwi mpaka asubuhi ya kupika, na mengine hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta, fukusi wasipate njia.

Mpiko mmoja wa bia ya asilimia 5 unachukua magunia manne ya kilo 25, ndani ya maji ya moto lita 300 hivi. Mchanganyiko usimame kwenye nyuzi 66 kwa saa nzima. Ukishuka hadi 63 bia hutoka kavu. Ukipita 70 inabaki tamu na nzito, kwa sababu sukari inayotoka kwenye joto hilo hamira haiwezi kuila yote. Jumatano wanapanga upishi ili wageni wafike wakati wa kuchuja, na kila mmoja hupewa kikombe kidogo cha yale maji kabla hayajatiwa hopsi wala hamira. Ni togwa kabisa: vuguvugu, tamu, na haina kilevi. Dereva wa kundi naye aionje. Machicha huchukuliwa jioni ile ile na mfugaji wa ng'ombe, maana kwa joto hili yakilala yanachacha na kunuka.

Wakati wa kuchemsha, hopsi za uchungu hutangulia na kuchemka saa nzima, za harufu hutiwa dakika kumi za mwisho zisije zikaruka zote na mvuke. Hapo wageni huruhusiwa kutia wenyewe, na watu wanapenda kupigwa picha. Mimi ningependa waulize zaidi kuhusu hatua inayofuata, ile ya kupoza, kwa sababu ndipo Unguja inapotofautiana na nchi za baridi. Kule maji ya bomba yana nyuzi 10 au 12, unayapitisha mara moja tu kwenye mashine ya kupozea na kazi imekwisha. Maji yetu yana nyuzi 27 au 28. Hayawezi kupoza kitu chini ya joto lake lenyewe. Kwa hiyo wanapoza mara mbili: kwanza kwa maji ya bomba mpaka nyuzi 35 hivi, halafu kwa maji ya barafu mpaka 18. Anayeruka hatua ya pili anatia hamira kwenye joto lile la nyuzi 35, na bia yake itanukia ndizi iliyopitiliza, au vibaya zaidi, rangi ya kucha.

Hamira yao ya bia nyingi inataka nyuzi 18 hadi 20, na inafanya kazi siku tano mpaka saba. Yenyewe pia hutoa joto inapochacha, hivyo tangi lisilopozwa hupanda haraka. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Wakaazi wa mjini wanaukumbuka mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009, ulipokatika kwa wiki na miezi. Hawa wana jenereta inayojiwasha pamoja na tangi la maji ya barafu linaloweza kushika baridi kwa saa kadhaa. Tazama kipimajoto kilichobandikwa kwenye kila tangi. Kila nilipofika Jumatano nilikuta namba iko pale inapotakiwa, na hilo linanipa imani kuliko mapambo yote ya ukutani.

Maji nayo yana neno lake. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa nyingi. Karibu na ufukwe yanaingiliwa na chumvi pia. Kwa bia nyeupe ni balaa: uchungu wa hopsi unakuwa mkali, unaokwaruza koo. Kwa bia nyeusi ni neema, kwa sababu kimea kilichokaangwa kina asidi inayokutana na ile chokaa zikasawazishana. Wao huchuja maji yote ya leja, bia nyeupe ya kawaida, na ya bia ya ngano, lakini ya stauti, ile bia nyeusi, huyachanganya na ya kisima. Matokeo yake stauti yao, asilimia 6, ndiyo bia bora ya nyumba hii. Ina ladha ya kahawa chungu, ile ya mabuli ya barazani, na povu lake linasimama mpaka tone la mwisho. Watalii wengi hawaiagizi kwa kuwa kuna jua. Wanakosa.

Kisha kuna bia ya karafuu, inayotangazwa kuliko zote. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi kwa sababu karafuu ni kiungo kisichosamehe. Mafuta yake ndiyo yale yale ya kutuliza jino linalouma, na yakizidi yanautia ganzi ulimi. Mpishi anatumia gramu 8 za karafuu kavu ya Pemba, zisizo na makonyo, kwa lita zote 500, na anazitia dakika tano kabla ya moto kuzimwa. Punje themanini hivi kwa tangi zima! Zinatosha, kwa sababu hamira ya bia ya ngano yenyewe ina harufu ya ukarafuu. Bia ni nzuri. Kosa ni mpangilio: wanaileta ya tatu, baada ya ngano na leja, na wewe unabaki na karafuu mdomoni wakati bia ya hopsi na stauti bado hazijafika. Nimewaambia iwe ya mwisho. Wasipoibadilisha, isogeze kando mwenyewe uimalizie.

Kuonja kwenyewe kuna utaratibu, nao wanaufundisha vizuri. Tazama, zungusha glasi kidogo, nusa, ndipo unywe. Na umeze, usiteme, kwa sababu uchungu wa bia huendelea mdomoni hata ukishameza. Kati ya kionjo na kionjo, maji na kipande cha boflo kisichopakwa kitu. Chipsi za muhogo zenye pilipili zisubiri mwisho. Mpishi hutaja pia kasoro za kutafuta, bila kuficha za kwake. Harufu ya siagi maana yake bia ilipozwa mapema kabla hamira haijamaliza kusafisha. Mahindi ya kuchemsha, haikuchemshwa vya kutosha au ilipoa polepole. Kadibodi iliyolowa, imeingia hewa. Siki, kuna bakteria kwenye mirija. Na ile harufu ya ngawa ni ya mwanga: jua huvunja kitu kilichomo kwenye hopsi, na kwenye glasi inayoachwa juani ufukweni dakika chache zinatosha. Kaa kivulini.

Chakula kinachofaa ni pweza wa kuchoma pamoja na bia ya ngano. Stauti ijaribu na halua, kipande kidogo. Urojo ni mtamu lakini ukwaju wake unaikandamiza kila bia, na jikoni wangeuondoa kwenye menyu ya Jumatano ningewashukuru.

Sasa Jumamosi. Watu hufika hata mia mbili, bendi inapiga, na mpaka saa tatu usiku mambo ni mazuri. Chumba cha baridi kinachukua mapipa 12 ya chuma ya lita 30. Kwa hesabu ya karatasi kila pipa ni glasi 60 za nusu lita, kwa kweli ni 50 na kitu, maana povu lina fungu lake. Mapipa 12 yakikaribia kwisha wanaanza kuleta mengine kutoka stoo, yenye joto. Pipa la lita 30 lililo kwenye nyuzi 28 linahitaji zaidi ya siku nzima kushuka hadi 4. Saa moja ndani ya chumba cha baridi halijui hata kuwa limehamishwa. Gesi inayosukuma bia imewekwa kwenye shinikizo la baa 0.8 (baa hapa ni kipimo cha shinikizo), sahihi kwa nyuzi 4. Kwa nyuzi 28 ingetakiwa zaidi ya baa 2. Kwa hiyo gesi inaikimbia bia ndani ya mrija, na bombani linatoka povu tupu.

Hapo wahudumu hufanya kosa la pili: wanapunguza gesi. Ukipunguza, ile iliyomo ndani ya bia inapata nafasi ya kutoka zaidi, povu linaongezeka, na baadaye bia inabaki imepoa, haina gesi. Dawa ni kupoza mapipa ya Jumamosi tangu Alhamisi. Ikishindikana, bia ipite kwenye koili, mrija uliojizungusha, iliyozikwa ndani ya barafu kabla ya kufika bombani. Ikishindikana hilo pia, funga mabomba manne, bakiza mawili.

Glasi nazo. Jumatano kila glasi husuuzwa kwa maji baridi mbele yako. Jumamosi zinatoka kwenye mashine zikiwa moto, na nyingine hufutwa kwa kitambaa cha jikoni. Kitambaa kilichogusa sufuria ya samaki wa nazi kina mafuta, na mafuta hulala juu ya bia yakalivunja povu mara moja. Ichunguze glasi yako: vijipovu vikishikamana na ukuta wa ndani, chini ya bia, glasi ni chafu. Glasi safi huacha pete ya povu kila unapopiga funda. Ukiona vijipovu irudishe. Dada na kaka wa kaunta huibadilisha bila ugomvi, wana adabu sana hata wakizidiwa.

Na kuna kibao ukutani kinachoandikwa tarehe ya kusafisha mirija. Kawaida ni kila siku 14, kwa dawa kali kisha maji mengi. Jumamosi moja nilikuta tarehe ya siku 24 nyuma, na bomba la tano lilikuwa na harufu ya siki. Nilimwita msimamizi, akalifunga pale pale. Wiki iliyofuata kibao kilikuwa na tarehe mpya. Kisome kabla ya kuagiza.

Usafiri: daladala za kurudi mjini zinakwisha mapema, hivyo panga teksi kabla hujaketi, na anayeendesha asinywe zaidi ya togwa ile. Ukitoka, vaa nguo ya heshima na usipite kijijini na glasi mkononi. Ramadhani matukio yote husimama. Wasio na umri wa miaka 18 hawaingii, na kwa asiyekunywa kuna tangawizi ya nyumbani inayotolewa kwa jagi na glasi zake mbali, zisizochanganywa na za bia. Wageni wengi waliofuatana na marafiki wanaithamini hiyo.

Wanauza pia chupa ya lita moja ya kubebea. Jumatano huijaza kutoka chini kwa mrija baada ya kuitia gesi kwanza kuondoa hewa, na hiyo inakaa siku tatu kwenye friji bila tatizo. Jumamosi wanaijaza moja kwa moja kutoka bombani, bia ikiruka na kuvuta hewa. Kesho yake jioni ladha ya kadibodi imeshaingia. Omba mrija. Ibebe ndani ya boksi la barafu, si kwenye dashibodi ya gari, na ukishaifungua imalize jioni ile ile.