Nimejaribu mitindo mitatu ya karate, Shotokan, Kyokushin na Goju-ryu: goti langu ndilo lililochagua

Nianze na goti, maana bila hilo nisingekuwa na cha kuandika. Nina miaka 39, nauza dawa katika duka moja hapa Dar es Salaam, na kazi yenyewe ni kusimama nyuma ya kaunta kutwa. Goti la kulia niliumia nikicheza netiboli shuleni na tangu siku hiyo halijanisamehe. Mwaka jana mwanangu wa miaka tisa akaanza kunisumbua, anataka karate. Nikawaza, badala ya kukaa kwenye benchi nikichezea simu hadi amalize, heri niingie naye. Ndivyo nilivyojikuta nimevaa gi, ile sare ya karate.

Wakati huo kwangu karate ilikuwa karate tu, kama chapati ni chapati. Mtu akiniuliza "mnafanya mtindo gani?" nilidhani anaulizia rangi ya mkanda. Baada ya mwaka na miezi miwili, na dojo tatu (dojo ni ukumbi wa mazoezi), nimejifunza kuwa hata chapati kuna za maji na za kusukuma.

Dojo ya kwanza ilikuwa ya Shotokan, na sababu ya kuichagua ni kwamba iko bajaji moja kutoka nyumbani. Ada 40,000 kwa mtu mzima, 25,000 kwa mtoto, gi mbili nikazifuata Kariakoo. Siku ya kwanza tulipangwa mistari, sensei, yaani mwalimu, akahesabu kwa Kijapani, tukapiga ngumi ya kusonga mbele toka ukuta huu hadi ule, tukageuka, tukarudi. Saa nzima. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni adhabu ya shule, lakini mimi niliipenda palepale. Shotokan ni nzuri kuitazama. Mguu wa mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooka, hatua ndefu, nyonga inazunguka na ngumi inatoka kama imefyatuliwa. Watu ishirini wakisimama kwa pamoja na kutoa sauti moja, mwili unasisimka.

Tatizo ni huo msimamo. "Shuka! Shuka chini!" ndiyo sentensi niliyoisikia kuliko zote. Zenkutsu-dachi, ule wa mguu wa mbele kukunjwa, ukiifanya inavyotakiwa, paja la mbele linawaka moto. Kiba-dachi, ule wa kukaa kama umepanda farasi, ukiachwa humo dakika mbili unakumbuka dhambi zako zote. Wiki ya tatu goti likavimba. Nikapunguza, likapoa. Nikarudi, likavimba tena.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua kwa nini, nikaanza kusoma. Gichin Funakoshi, mzee mwenye mtindo huu, alikuwa mwalimu wa shule huko Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani. Mwaka 1922 akaenda Tokyo kuionyesha karate, akabaki huko akifundisha, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa vijana wa vyuo vikuu. Ukitazama picha zake za zamani, mzee amesimama wima kiasi, miguu haijatanuka sana. Aliyeirefusha misimamo na kuishusha chini, kwa sehemu kubwa, ni mwanawe Yoshitaka akiwa na vijana hao. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu dukani. Kumbe miezi minne yote nilikuwa naazima miguu ya wanafunzi wa chuo wa Tokyo!

Mapambano ya Shotokan nayo yana utaratibu wake. Unapiga, lakini unaizuia ngumi isitue usoni. Watu wa mtaani wanaita hiyo danadana. Wangejaribu wao kusimamisha mkono ulio katika kasi ile, wangeheshimu. Na sheria hiyo haina utani: kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, fainali ya wazito wa kiume, Tareg Hamedi wa Saudia alimpiga Sajad Ganjzadeh wa Irani teke la kichwa, jamaa akazimia na kutolewa kwa machela. Aliyetangazwa bingwa ni yule aliyezimia. Hamedi alikuwa anaongoza kwa pointi, akatolewa kwa kupiga bila kujizuia. Unaweza kulia au kucheka, lakini huo ndio mchezo wenyewe.

Lawama yangu kwa dojo ile si mtindo, ni mtihani wa mkanda. Tulitangaziwa Alhamisi kwamba Jumamosi kuna mtihani, na kila mtu aje na pesa taslimu. Risiti hakuna. Nilimwambia sensei kwa adabu kwamba mimi naishi kwa mshahara, na mshahara hautoki Alhamisi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kyokushin niliingia kwa kualikwa na kaka wa mfanyakazi mwenzangu. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Alinitahadharisha: "Dada, huku tunagusana." Kugusana kwenyewe ni hivi: hakuna glavu, mnapigana ngumi za kifua na tumbo kwa nguvu yote, mateke ya mapaja, magoti, na teke la kichwa linaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni ngumi ya uso. Kwa hiyo mnasimama karibu, kifua kwa kifua, mnatwangana kama mnatwanga kisamvu, na anayerudi nyuma ndiye anayeonekana ameshindwa.

Mwanzilishi wake, Masutatsu Oyama, alizaliwa Korea mwaka 1923 na alisoma Shotokan na Goju-ryu zote mbili kabla ya kuwa na chake. Ndiyo maana kata zao, yaani mifuatano iliyopangwa ya ngumi, mateke na kuzuia, ni mchanganyiko, nyingine nilizitambua tangu dojo ya kwanza. Lakini moyo wa kule ni kupokea kipigo na kuendelea kusimama. Nilikaa wiki sita. Nitasema ukweli, sijawahi kuwa na pumzi kama ile maishani mwangu. Ngazi za gorofa nne nilizipanda nikiongea na simu. Na watu wake ni waungwana kuliko wanavyoonekana. Anayekupiga teke la paja ndiye anayekuletea maji.

Siku moja lakini nilienda kazini nachechemea, paja limevilia damu kuanzia juu ya goti mpaka karibu na nyonga. Mama mmoja mteja wetu wa siku zote akaniuliza, "Mwanangu, umegongwa na bodaboda?" Nikasema hapana mama, ni mazoezi. Akaniangalia kwa huruma, akashusha sauti: "Kama ni mumeo niambie tu." Jioni ile nilijiuzia mwenyewe dawa ya kuchua, bila punguzo, nikajua safari yangu ya Kyokushin imefika. Na mahali penyewe hapakuwa na chumba cha wanawake kubadilishia nguo. Nilibadilishia stoo, katikati ya viti vya plastiki. Kama una miaka 22, mwili mzima, na unataka kujua ukipigwa kweli utafanyaje, nenda, hutajuta.

Kwa wanaouliza kuhusu mitindo mingine, Shito-ryu na Wado-ryu: sikupata dojo yake karibu nami, kwa hiyo sina uzoefu wa kutoa. Ninachoweza kusema ni kwamba Shito-ryu ya Kenwa Mabuni ina kata chungu nzima, maana mzee yule alikusanya za mkondo wa Shuri na za mkondo wa Naha, miji ya Okinawa. Wado-ryu ni ya Hironori Otsuka, aliyekuwa mtu wa jujutsu, ule mchezo wa Kijapani wa kukabana na kuangushana, kabla ya kusoma kwa Funakoshi, na sifa yake ni kukwepa kuliko kuzuia. Hiyo ya kukwepa ingenifaa, naamini.

Nimeishia Goju-ryu. Ajabu ni kwamba ndiyo yenye mizizi ya zamani hapa Dar, tangu miaka ya 1970, alipoileta Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi aliyefundisha katika shule ya Zanaki. Wazee waliopita mikononi mwake ukikaa nao wanakuhadithia mpaka chai inapoa. Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nimeizunguka kumbe iko jirani.

Jina ni maneno mawili, "go" ni kigumu na "ju" ni laini, na Chojun Miyagi wa Naha aliyachota kwenye mstari wa kitabu cha kale cha Kichina. Huo ulaini ndio ulionishangaza. Nilitoka kwenye kutwangana nikaingia kwenye kazi ya mikono inayonata: mnagusanisha vifundo vya mikono wewe na mwenzako, mnasukumana taratibu mbele na nyuma, mnasikilizana nguvu, na ukikaza tu unavutwa unayumba. Wanaiita kakie. Kuna mama mmoja pale, amenizidi miaka kama kumi, mwembamba, alinivuta siku ya kwanza nikaenda kama mlango usiofungwa.

Halafu kuna kata ya Sanchin. Ukiitazama kwa mara ya kwanza utaona mtu anatembea hatua tatu polepole huku anahema kama pampu ya baiskeli. Niliidharau. Misimamo mifupi, kisigino cha mbele kiko usawa wa vidole vya nyuma, magoti yanaingia ndani kidogo, vidole vinashika sakafu, kiuno kimekazwa, mabega chini. Sensei anapita nyuma yako anakupiga makofi ya mabega na mapaja kuona kama kuna mahali umelegea. Nilimaliza nikiwa nimelowa kama nimetoka baharini, na goti halikusema neno. Hapo ndipo nilipojua nitabaki.

Neno moja la muuza dawa: wenye presha wamwambie mwalimu kabla ya Sanchin. Ule mkazo wa mwili pamoja na pumzi ya nguvu unapandisha presha, na wengi tunaishi nayo bila kupima.

Sisemi Goju-ryu haina maumivu. Ina shiko-dachi, binamu wa kule kupanda farasi, vidole vimetazama nje, na huo goti langu linaununia. Tofauti ni kwamba sensei wangu wa sasa aliniuliza goti lilianza lini, akaniruhusu nisimame juu zaidi, akaendelea na shughuli zake. Vifaa vyao vya kukuza nguvu navyo nimevipenda. Chi-ishi yetu, uzito wa kuzungusha kwa mkono, ni kopo la rangi lililojazwa zege na mpini katikati, na ile mitungi ya kubeba kwa vidole ni vyungu vya udongo vyenye mchanga ndani. Baada ya miezi mitano nafungua vifuniko vya chupa za dawa vilivyokuwa vinanishinda.

Kero ipo. Tunafanyia kwenye ukumbi wa shule, kwa hiyo msimu wa mitihani ya wanafunzi tunahamia uwanjani, kwenye vumbi na mbu. Na sensei huchelewa. Saa kumi na moja na nusu yake ni karibu saa kumi na mbili, na akifika anaanza bila kuomba radhi.

Mwanangu amegoma kuhama. Yeye na Shotokan yake, na kusema kweli inamfaa: ana miguu mirefu, anapenda mistari na kuhesabu, anapenda kuonekana. Sebuleni jioni tunasogeza meza, yeye anafanya kata yake ya Heian Shodan, mimi yangu ya Gekisai, ambayo Miyagi aliitunga mwaka 1940 kwa ajili ya kufundishia vijana, lakini kwetu imemwangukia mama. Zote zinaanza kwa kugeukia kushoto. Mkono wake unashuka kuzuia chini, wangu unapanda kuzuia juu. "Mama, umekosea," ananiambia kila mara, na kila mara namwambia wewe ndiye umekosea. Baba yake amekaa kwenye kochi na rimoti, anaomba tusimzibie taarifa ya habari.

Jumamosi ijayo mtoto ana mtihani wa mkanda, safari hii tumetangaziwa wiki tatu kabla. Mimi nina zamu, baba yake ndiye atakayempeleka. Pesa ya mtihani nimeshaiweka kwenye bahasha, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: RISITI.