Mzinga wa viunzi vya juu ukipimwa kwa pango la mti

Nyumba ya asili ya nyuki wa miombo ni pango la mti. Tawi huvunjika, maji ya mvua yakaingia kwenye jeraha, kuvu wakala moyo wa mti kwa miaka mingi, huku upande wa nje ukibaki hai na kuendelea kutoa majani. Kwa hiyo mzinga unaouzwa Tabora, Sikonge au Manyoni tunaupima kwa swali moja: umelikaribia pango hilo kiasi gani? Mzinga wa mbao wa viunzi vya juu, yaani sanduku lililofunikwa kwa vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega chini yake, unalikaribia vizuri, alimradi fundi amefuata vipimo. Wengi hawavifuati.

Anza na kiunzi chenyewe, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Upana wake uwe milimita 32, kwa sababu nyuki wa Afrika ni wadogo kuliko wa Ulaya na hujenga masega yao karibu karibu. Fundi akikata milimita 35, masega ya kwanza hunyooka, yanayofuata yanaanza kupinda, na baada ya muda sega moja limeshika viunzi viwili. Siku ya kurina unainua kiunzi kimoja na kurarua masega mawili: asali inamwagikia majana, yaani watoto wa nyuki walio masegani, siafu wanasikia harufu, na nyuki wanahama. Usikubali neno la muuzaji. Panga viunzi kumi vikigusana, kisha pima kwa rula: viwe sentimita 32 kamili. Angalia pia kwamba vikipangwa hakuna mwanga unaopita kati yake. Mzinga ukifungwa hivyo, unainua kiunzi kimoja na kuona sega moja tu, huku nyuki wengine wakiwa gizani na watulivu. Chini ya kila kiunzi pawe na mfuo katikati uliojazwa nta iliyoyeyushwa. Bila mstari huo wa nta nyuki hujenga wanavyotaka wao.

Kinachofuata ni unene wa mbao. Pango la mti lina ukuta mnene, na majana yanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35 usiku na mchana. Mbao ya inchi moja inatosha. Ya nusu inchi ni ya bei nafuu ila hupinda msimu wa kwanza wa jua, nyufa zinafunguka, na nyuki wanapoteza nguvu kwa kuchota maji na kupepea badala ya kuleta asali. Katika hili tuseme kweli: mzinga wa gogo bado unaushinda wa mbao kwa kutunza joto, tena hudumu sana. Lakini kila gogo ni mti uliokatwa, na mara nyingi ni mninga. Mzinga wa ganda la mti ni mbaya zaidi. Mtundu au muyombo uliovuliwa ganda kuuzunguka hauwezi tena kushusha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini, ukafa umesimama. Mbao za msonobari wa kupandwa, kama za shamba la miti la Sao Hill, zinafaa kabisa kwa kazi hii.

Mlango uwe mwembamba, kimo cha milimita 8 hivi. Nyuki anapita bila shida, lakini yule nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni, anayeingia usiku kunywa asali, mwili wake hautoshi. Panya na mijusi nao wanabaki nje. Kifuniko cha bati kiachiwe nafasi ya hewa juu ya viunzi, au kitandikwe nyasi kavu. Bati lililolala moja kwa moja juu ya viunzi hulainisha nta na masega mapya yakaanguka na asali yake yote.

Kataa mzinga uliopakwa rangi ndani au mbao zenye dawa ya mchwa. Rangi ya mwanga kwa nje inatosha. Mzinga mpya uachwe kwenye hewa wiki kadhaa, halafu sugua ndani nta na gundi ya nyuki. Ukiutundika ukinuka duka, utakaa mtupu.

Utundike kabla mitundu haijachanua, kati ya Agosti na Septemba, kwa waya mnene kwenye ncha zake mbili, kwenye kivuli, mbali na shina angalau mita moja ili nyegere asipate pa kushika. Paka grisi kwenye waya kuzuia siafu. Na usifunge waya juu ya ganda tupu: tawi likinenepa waya hukata ndani, tawi hufa na mzinga huanguka. Weka kipande cha mpira wa tairi katikati. Wauzaji hawakitaji kamwe, nacho hakigharimu chochote.

Faida kubwa ya mzinga huu, ambayo haiandikwi kwenye risiti, ni pango linaloachwa salama. Asali ya pangoni hurinwa kwa shoka na moto, na baada ya hapo mti hauna kazi tena. Ukibaki mzima, komba hulala humo mchana. Hondohondo jike hujifungia ndani kwa udongo, akaacha ufa mwembamba ambao dume hupitishia chakula hadi makinda yakue. Ndege hawa hawajichimbii tundu lao wenyewe, wanategemea la zamani. Pango moja likikatwa, la kulirithi haliji upesi.

Wakati wa kurina, chukua masega ambayo theluthi mbili au zaidi yamezibwa kwa nta. Yaliyo wazi yana maji mengi na asali yake itachacha. Yenye majana, ambayo kwa kawaida yako karibu na mlango, yaache. Shika kiunzi kikiwa wima muda wote. Sega jipya jeupe likilazwa ubavu saa sita mchana linakatika pale pale mkononi. Kata ukiacha ukingo wa sentimita moja chini ya kiunzi, wapate pa kuanzia, kisha urudishe viunzi kwa mpangilio ule ule.