Sambaza za Kituku: fika mapema, na uangalie mwezi

Pale soko la Kituku, Goma, mimi nanunua kwa mama mmoja anayekaa karibu kabisa na maji. Sambaza zake, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zinang'aa kama kijiko kipya: jicho angavu, tumbo halijapasuka, ukizibonyeza hazibonyei. Zilizolala anaziweka pembeni na anakuambia wazi. Huo uaminifu naupenda sana.

Ila uangalie mwezi. Wavuvi wa Kivu wanavua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, sambaza hazikusanyiki chini ya taa na bei inapanda. Usiku wa giza, bakuli linajaa. Kasoro moja ya yule mama: hana kivuli, saa nne jua limeshazilegeza. Fika saa kumi na mbili, na ndoo yako.