Korad, Owon na bodi ya relei 16: seti ya kupimia kontrola za sola kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Kontrola za sola, yaani vifaa vinavyosimamia paneli inapochaji betri, zinazofika kwa mafundi wa kusini ni mchanganyiko: za ampea 10, 20 na 30, nyingi PWM (zinazowasha na kuzima mkondo wa paneli haraka haraka), chache MPPT (zinazotafuta volti ambazo paneli inatoa nguvu nyingi zaidi). Ukizipima moja moja kwa mita ya mkononi siku inaisha, na kila fundi ana kipimo chake cha kusema imepona. Seti hii inafanya kazi hiyo yenyewe: pawa saplai mbili za Korad KA3005P, mita ya mezani Owon XDM1041, bodi ya relei 16 (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za volti 12, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoviamrisha vyote kwa lugha ya programu ya Python. Tunaipendekeza kwa karakana inayopokea vifaa vingi, lakini haitumiki kama inavyotoka kwenye boksi.

KA3005P inatoa volti 0 hadi 30 na ampea 0 hadi 5. Ya kwanza inashika nafasi ya paneli: volti 18, kikomo cha ampea 2. Ya pili inashika nafasi ya betri, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Pawa saplai ya aina hii inatoa umeme tu, haipokei. Kontrola ikianza kuichaji, umeme unakosa pa kwenda, volti zinapanda, kontrola inaona betri imejaa na kuacha kuchaji papo hapo. Kifaa kisicho na kasoro kinaandikwa kibovu. Dawa ni rezista ya omu 4.7, wati 100, iliyofungwa sambamba na saplai hiyo ya pili. Kwenye volti 12 inavuta ampea 2.5 na ushee, kwenye 14.4 inafika ampea 3, yaani joto la wati 44 hivi. Kontrola ikisukuma ampea 2, zote zinaingia kwenye rezista, saplai inajazia zilizobaki, na volti zinatulia. Ifunge kwenye bati nene la alumini, mbali na nyaya.

Sasa vipimo. Unganisha "betri" kwanza kwa volti 12.6, kisha "paneli". Wakati wa kuzima, paneli itoke kwanza. Pandisha saplai ya "betri" kutoka volti 13.5 kwa hatua za 0.05 huku ukisoma mkondo kwenye saplai ya paneli; unapoanguka karibu na sifuri, hapo ndipo kontrola inapoacha kuchaji. Kwa betri za asidi zilizofungwa tarajia karibu 14.4. Halafu shuka taratibu mpaka taa zikatwe, kwa kawaida karibu 11.1, upande tena mpaka zirudi, karibu 12.6. Namba za kulinganisha zichukue kwenye lebo au karatasi ya kontrola yenyewe. MPPT inahitaji rezista ndogo mfululizo na saplai ya paneli, la sivyo inahangaika kutafuta kilele.

Udhaifu mkubwa uko kwenye bodi ya relei. Relei zake ni za aina ya SRD, za ampea 10, nzuri kwa mkondo mkubwa. Lakini mguso wake unaruhusiwa kufika omu 0.1, na kwa ampea 2 hiyo ni volti 0.2 zinazopotea njiani. Kipimo chenye uvumilivu wa volti 0.2 kinakuwa hakina maana. Kwa hiyo nyaya za mita zisipite kwenye relei za mkondo: zianzie kwenye skrubu za kontrola yenyewe, zipite kwenye relei ndogo za ishara kama Omron G5V-2, zenye mguso uliopakwa dhahabu. Hewa ya pwani ya Mtwara, kama Shangani au Mikindani, ina chumvi na unyevu, na mguso wa fedha usiopitishwa mkondo wa kutosha hujenga utando. Wiki mbili mita inasoma sawa, ya tatu inaanza kuyumba.

Programu izime saplai kabla ya kufungua au kufunga relei yoyote, isubiri milisekunde 20, ndipo iwashe saplai. Relei inayokata umeme wa DC chini ya mzigo hupiga cheche na mwishowe huganda.

XDM1041 tunaisifu bila kusita: hesabu 55,000 (idadi ya hatua inazoweza kuonyesha), na kwenye kipimo cha hadi volti 50 inaonyesha milivolti 1. Korad inataka uvumilivu zaidi upande wa programu, kwa sababu majibu yake hayana alama ya mwisho wa mstari. Programu inayoisubiri itakaa mpaka muda uishe. Weka pumziko la milisekunde 100 kati ya amri na amri. Pia usitegemee majina ttyUSB0 na ttyUSB1 ambayo Raspberry Pi inavipa vifaa vya USB: umeme ukikatika na kurudi yanaweza kubadilishana, na amri ya betri ikaenda kwenye paneli. Tumia njia ya tundu la USB, au tuma *IDN?, amri inayokifanya kifaa kijitaje, kabla ya chochote.

Kinachofanya seti iweze kubadilika ni koneketa moja ya pini 25 kati ya relei na kifaa. Kila aina ya kontrola ipate kibao chake chenye koneketa hiyo, na rezista ya utambulisho: kiloomu 1 kwa aina moja, 2.2 kwa nyingine. Programu inaisoma kwanza, ndipo inafungua jedwali la mipaka ya aina hiyo. Mipaka ikae kwenye jedwali, isiandikwe ndani ya programu. Kikija kifaa kipya, mizani ya korosho kwa mfano, unaongeza kibao na faili moja. Tundu moja libaki na rezista ya kiloomu 10 ya asilimia 0.1, mita ijipime nayo kila asubuhi.

Relei za akiba zisipungue sita. Mvua za 2024 zilipokata barabara Kilwa, mzigo wa Kariakoo haukupita, na relei moja iliyoganda inatosha kusimamisha seti yote.