Uchambuzi: Zana za Kujitengenezea za Kufungulia Shokapu za Mbele za Pikipiki za Zamani

Habari zenu watazamaji wangu, na karibuni sana. Mezani leo kuna mpini wa ufagio, kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na nusu, na kifungashio cha mkate, na kwa vitu hivyo tutabadilisha sili, yaani pete za mpira zinazozuia oili isivuje, za shokapu za mbele za pikipiki ya Kijapani ya miaka ya 1970. Kutoa tairi na madigadi sitakueleza, kwa kuwa aliyefikia hatua ya kufungua shokapu, hayo anayajua.

Naanza na mpini, kwa sababu ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Chini kabisa ya mguu wa aluminiamu, yaani sehemu ya chini ya shokapu, kuna bolti moja ya alenki (ya tundu la pembe sita) iliyozama tunduni, nayo imeushika mrija wa dampa, ule wenye matundu yanayopitisha oili. Mrija huo haujafungwa mahali pengine popote, kwa hiyo ukizungusha bolti nao unazunguka pamoja nayo, na unaweza kuzungusha mpaka jioni bila bolti kulegea. Viwanda vina zana yao ndefu ya kuushikilia mrija kutoka juu, lakini kichwa cha zana hiyo huingia kwenye pikipiki ya aina moja na kukataa nyingine.

Tazameni ncha ya mpini wangu kwa karibu. Nimeichonga pembe nne zinazosinyaa kuelekea mwisho, ili iingie kwenye kichwa cha mrija na kuuma kadiri ninavyoisukuma. Mti uwe mkavu na mgumu kiasi, kwani mti laini mno hupondeka ncha, na uwe mrefu wa kutosha kubaki nje ya bomba la kromu, lile linaloteleza ndani ya mguu, maana hapo ndipo mtakaposhika. Springi imeshatoka. Naushusha, naugonga kidogo kwa nyundo ya mpira, kisha msaidizi wangu anaubana kwa koleo na kuukandamiza huku mimi nikizungusha alenki kutoka chini. Mmesikia huo mlio mkavu? Hiyo ni gundi iliyopakwa kwenye nyuzi za bolti ikiachia, na sasa bolti inazunguka kwa vidole.

Kabla hujachonga mti wowote, ijaribu bolti hiyo ukiwa bado hujatoa springi, kwa sababu springi yenyewe huukandamiza mrija na mara nyingi hilo linatosha. Video nyingi mnazoziona zinatumia mashine ya upepo ya kuzungushia bolti, na kwa kufungua sina ugomvi nayo, ila wakati wa kufunga inakaza bila kipimo, na washa ya shaba ikipondeka vibaya oili itavuja pale chini.

Sasa bomba la plastiki, ambalo kazi yake ni kuigonga sili mpya mpaka iingie mguuni. Sili hii imeandikwa 35-48-11, yaani kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, vyote kwa milimita. Bomba la inchi moja na nusu lenye ukuta mnene lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, ambacho kingekwama mdomoni mwa mguu, kwa hiyo nimelipunguza kwa msasa mpaka likaingia bila kubanwa. Kifungashio cha mkate navika juu ya bomba la kromu na kukipaka oili, ili makali ya juu yasichane mdomo wa sili inapopita. (Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku hapa Tanzania tangu mwaka 2019, lakini kifungashio hiki kinafaa vilevile.) Sili ya zamani naiweka juu ya mpya, ipokee kishindo, kisha nagonga kwa kuzunguka mpaka mfereji wa pete ya kufungia, ile inayoizuia sili isitoke, uonekane wote.

Kwa bei ya zana ya kiwandani ningenunua sili za pande zote mbili pamoja na oili. Hata hivyo, kadiri ninavyoutumia mpini huu naona kwamba fundi mwenye gereji, anayefungua shokapu kila wiki, afadhali achomelee nati kubwa kwenye ncha ya nondo, kwa sababu mti utamchosha kuuchonga upya. Anayefungua pikipiki yake mwenyewe abaki na mpini.

Walioniomba niwaonyeshe namna ya kuokoa bomba la kromu lenye vishimo vya kutu, video hiyo ndiyo inayofuata, kwa hiyo jiungeni na chaneli msiikose. Kwa sasa pitisheni ukucha juu ya kromu: ukikwama, sili mpya itachanika pia.

Na wenye pikipiki mpya zenye shokapu zilizogeuzwa juu chini, msijaribu mpini huu, kwa kuwa ndani yake mna mtambo mwingine wenye zana zake.